Ufa Chini ya Kamioneti ya Sefu

Likasi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Ngalula,

Kesho asubuhi utapanda gari la Lubumbashi, na mambo ya njiani nimemwachia mama yako. Yeye ndiye anayejua sweta ipi inafaa kwa baridi ya kule na nani wa kumwachia mizigo ukishuka. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenishinda kulisema kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Juzi ulinikuta nimesimama mlangoni pa chumba chako, ukaniuliza, "Papa, uko natafuta nini?" Nikasema natafuta koleo. Koleo lenyewe lilikuwa mkononi mwangu.

Naandika kwa Kiswahili kile cha masomo ya kanisani, si chetu cha nyumbani. Cha nyumbani kinanijia na utani, na mimi nikianza utani sitafika mwisho.

Unakumbuka ile karamu ndogo ulipokubaliwa shule ya ufundi. Mjomba wako alikuchokoza, akasema msichana anakwenda kufanya nini katikati ya vyuma. Ukasimama, glasi mkononi, ukamjibu mbele ya majirani wote: "Minye nilijifunza kwa papa. Chuma yenye papa aliunga haiyavunjika hata siku moja!" Watu wakapiga makofi. Aliyepiga kuliko wote alikuwa Baba Sefu, yule mwenye duka la chumvi na sabuni kwenye kona yetu, amekaa karibu na mlango na kofia yake nyeupe. Nikatoka nje, nikajifanya naangalia mkaa, nikakaa huko mpaka mama yako akanifuata.

Ulilosema si kweli, mwanangu. Kipo chuma nilichounga kikavunjika. Mtu mmoja alikufa. Mwingine alifungwa kwa kosa langu, na huyo aliyefungwa ni Baba Sefu, aliyekuwa anakupigia makofi.

Sasa nitaeleza tangu mwanzo, maana likisemwa kwa ufupi linafanana na ajali, nalo halikuwa ajali tu.

Wewe umezipenda kamioneti za zamani tangu ulipokuwa unakaa juu ya gurudumu la akiba ukinishikia bolti. Unajua zilivyojengwa. Lakini nivumilie niseme tena, kwa sababu kosa langu limekaa ndani ya jinsi zilivyojengwa. Gari dogo la siku hizi ni kama yai, ganda lenyewe ndilo linabeba. Kamioneti ya zamani ina mifupa. Chini kabisa kuna shasi: mihimili miwili mirefu ya chuma kutoka mbele hadi nyuma, imeshikwa na vyuma vya kukingama kama ngazi iliyolazwa. Kila kitu kimefungwa juu ya ngazi hiyo. Kabina ikioza unang'oa, unaweka nyingine. Injini ikifa unatia ya gari jingine kabisa, na tumetia nyingi. Shasi ikiwa nzima, gari ni zima.

Nyingi zilifika hapa na kabina tu, nyuma uchi. Sanduku la mizigo lilijengwa na watu wa hapa, na babu yako alikuwa mmoja wao. Alijifunza kazi kwenye karakana ya reli, na alijenga kila sanduku kwa kazi yake. La mawe ya machimbo ya Kakontwe lilikuwa fupi, lina bamba la chuma chini, kwa kuwa mawe ya chokaa yanakula mbao. La makaa lilikuwa na kuta ndefu. La samaki aliacha nafasi kati ya mbao, maji yapite. Mbao hakuzibana sana. Alisema barabara zetu zinataka gari linalojinyoosha. Na mwishowe kila sanduku lilibeba kila kitu, maharusi, majeneza, mbuzi, kwaya nzima ya parokia na ngoma zao.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza shasi. Unalala chini, unagonga mhimili kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinaimba. Penye ufa kinakohoa. Na ukipata ufa usikimbilie moto. Tafuta kwanza mwisho wa ufa, utoboe tundu dogo pale, ili usiendelee kutembea. Halafu uuchimbe kwa tupa mpaka ndani, uchomelee pande zote mbili, na juu uweke kiraka chenye umbo la samaki, si cha mraba, ili uzito usikate mahali pamoja. Gari liwe tupu, na uchukue siku zako. Maneno haya umeyasikia kwangu mara mia. Niliyajua yote hata siku ile.

Kamioneti ya Sefu, huyo ambaye ninyi watoto mnamwita Baba kwa heshima, ilikuwa ya kijani, imenizidi umri, taa zake za mviringo, mlango wa kulia unafungwa kwa kamba. Kila wiki alikwenda nayo Mwadingusha kuchukua samaki wa kukausha, wake na wa dada yake Mwamini. Huyu Mwamini alikuwa mjane, mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Wewe alikuwa anakubeba mgongoni sokoni huku anauza. Hukumbuki.

Sefu aliileta karakanani siku ya Jumanne. Ufa ulikuwa kwenye mhimili wa kushoto, nyuma kidogo ya kabina, umekwisha kula zaidi ya nusu. Wakati ule nilikuwa nimepata jina mtaani, na jina lile lilikuwa limenipanda kichwani. Kulikuwa na watu wanne watano kwenye benchi pale nje, kama kawaida, wanapiga soga. Fundi mmoja mzee wa ng'ambo ya barabara alivuka, akainama, akaangalia.

"Hii ni siku tatu," akasema. "Mutoe sanduku kwanza."

Nikacheka, watu wa benchi wasikie. "Siku tatu ni ya bazee. Minye namaliza leo, mbele ya saa kumi."

"Kweli, Papa Ngalula?" Sefu akauliza. "Juu samaki iko nangoja kule, na mvua iko karibu."

"Nimesema leo."

Mzee yule hakubisha. Alirudi kwake, akasimama mlangoni pake akitutazama.

Umeme wa siku ile ulikuwa dhaifu. Balbu ya karakana ilikuwa nyekundu kama kaa linalokufa. Wewe sasa unajua maana yake: kijiti cha kuchomelea kinayeyuka, lakini moto hauingii ndani ya chuma. Kazi nzuri inalia kama mafuta ya kukaangia. Ile ilikuwa inatematema tu. Chuma kilichoyeyuka kilikaa juu ya ufa kama uji uliomwagika juu ya jiwe. Tundu la kuukomesha ufa sikutoboa. Kiraka nilitia cha mraba, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mkono.

Nilijua, Ngalula. Nilikuwa nimelala chini ya gari na nilijua. Ningeweza kutoka nikasema, "Sefu, umeme hautoshi, rudi kesho." Maneno matano. Lakini benchi lilikuwa bado limejaa, na mzee wa ng'ambo alikuwa bado mlangoni. Nikachukua lami nikaipaka juu ya mshono, tabaka mbili, ikang'aa vizuri.

"Itabeba?" Sefu akaniuliza.

"Itabeba mpaka Yesu arudi."

Akacheka. "Hata sisi Waislamu tunamungojea. Basi iko sawa."

Ilibeba siku tisa.

Siku ya tisa mtu wa pikipiki alisimama karakanani, akasema kamioneti ya Sefu imevunjika kwenye njia ya Mwadingusha. Hakusema imepinduka, wala imegonga. Alisema imevunjika. Nikapanda nyuma yake, na njia nzima nilikuwa naomba iwe imevunjika mahali pengine.

Ilikuwa imekatika pale pale. Kabina imeelekea huku, sanduku limekunjika kule, samaki wamemwagika barabarani, matenga yamepasuka. Wanawake wawili walikuwa wanapewa maji, mmoja ameshika mkono uliovunjika. Mwamini alikuwa amefunikwa kitenge. Sefu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, ameshika kiatu cha dada yake.

Na baba yako alikwenda wapi? Alikwenda chini ya gari.

Kiraka kilikuwa kimebanduka upande mmoja, kizima, kama bahasha iliyofunguliwa. Chini ya lami chuma kilikuwa safi, hakijashikana hata kidogo. Mtu yeyote wa kazi yetu angesoma pale. Nikachukua nyundo kwenye vyombo vya Sefu mwenyewe, nikakigonga kile kiraka mpaka kikajikunja. Nikachota matope, nikayapaka. Nikafuta mikono kwenye majani. Watu walidhani naangalia kama kuna mtu amebanwa chini. Nilimsikia mwanamke mmoja akisema, "Ona Papa Ngalula, iko na roho nzuri." Kisha nikaenda kwa Sefu nikamkumbatia kwa mikono ile ile.

Mwanangu, nimekaa na kalamu hii muda mrefu kabla ya kuandika hayo. Hata kwa padri, miaka yote, niliungama hasira na pombe, hili nikaliruka.

Mbele ya jaji niliitwa kama fundi wa mwisho aliyegusa gari. Nilivaa suti ya harusi yangu. Nikaulizwa kama kazi yangu ilikuwa nzima.

"Ilikuwa nzima, mheshimiwa," nikasema. "Ni mizigo. Alipakia watu sita juu ya samaki."

Sefu alipakia watu sita kila wiki kwa miaka, na gari lilibeba, kwa kuwa lilijengwa na watu waliojua kwamba litabeba watu sita juu ya samaki. Hilo nalo nililijua. Nilimtupia jicho nikitegemea hasira. Angepiga kelele tu, angesema "mwongo", nadhani ningeanguka pale pale nikasema kweli. Lakini yeye alitikisa kichwa polepole.

"Kama fundi anasema vile, basi ni vile," akasema. "Minye njo nilimuua dada yangu."

Aliniamini. Alikuwa na neno langu upande mmoja na macho yake mwenyewe upande wa pili, akachagua neno langu.

Na pale mbele ya watu waliniita kwa jina lako. Papa Ngalula, sogea. Papa Ngalula, sema. Ulikuwa na miaka minne. Mwanaume wa kwetu anapata mtoto, jina lake la zamani linalala, anaitwa kwa mtoto wake. Ni heshima. Mimi heshima hiyo niliivaa nikadanganya nayo.

Alikaa gereza la Buluo mwaka mmoja na nusu. Kila Jumapili ya pili nilimpelekea bukari, ugali wetu, na maharagwe aliyopika mama yako, na parokia nzima ikanisifu: ona Mkatoliki anavyomtunza ndugu yake Mwislamu. Nilizipokea hizo sifa. Nilizihitaji hata, kama mtu mwenye baridi anavyosogelea moto wa jirani. Sefu alikuwa ananishukuru kila mara. "Bengine balinikimbia," aliniambia. "Weye hapana."

Siku moja huko akaniambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Alisema kila akifumba macho anaiona kamioneti imejaa, anaanza kupakua. Anashusha tenga moja, anawasha gari, linavunjika. Anashusha mtu mmoja, linavunjika. "Niko natafuta ni nani alikuwa wa kuzidi," alisema. "Nikimujua huyo, nitalala."

Nami nilikuwa na jibu lake mdomoni. Hakuna aliyezidi, Sefu. Ningesema hivyo tu. Nilisukuma sahani kwake nikamwambia, "Kula, chakula itapoa."

Alipotoka hakushika usukani tena. Unamjua anavyotembea kwa miguu mpaka Kakontwe, jua linawaka. Ukiwa na miaka kama kumi uliniuliza kwa nini Baba Sefu hapandi gari. Nikakuambia ni mtu wa zamani, anaogopa mashine. Ukacheka, nami nikacheka pamoja nawe.

Kuna na hili. Mke wake, Mama Zena, alipokuwa na mimba ya mwisho, damu ilianza kumtoka mchana mmoja. Jirani yao hakujua kuendesha, lakini alikuwa na gari la marehemu kaka yake uani, akamwekea Sefu ufunguo mkononi. Sefu akauweka chini. Alisema hawezi kuua wawili. Wakampeleka hospitali kwa mkokoteni, watu wanasukuma kwa zamu, nami nikawakuta karibu na hospitali, nikasukuma pia. Mama Zena alipona. Mtoto hakuishi. Sijui kama gari lingemwokoa. Sijui, na nitakufa bila kujua.

Baada ya yote hayo nikawa fundi mwangalifu sana. Watu wa Likasi wanasema hakuna anayeunga kama mimi, na wewe umekua ukiamini hivyo. Uliniona nikigonga mshono mara kumi, nikirudisha magari, nikikataa kazi umeme ukishuka. Ulidhani ni ufundi. Ilikuwa woga, na woga hauwezi kumrudisha mtu.

Unaikumbuka ile bawaba ya lango, ukiwa na miaka kumi na tano. Uliichomelea mwenyewe wakati mimi nipo sokoni, ukanisubiri kwa furaha. Niliangalia balbu, nikaona ilikuwa nyekundu. Nikachukua nyundo, nikaivunja bawaba yako mbele ya wateja, nikakuita mvivu. Ulilia nyuma ya tanki la maji mpaka jioni, na sikuja kukueleza. Mshono wako, mwanangu, ulikuwa na kasoro ndogo tu ya kujifunza. Nilikuwa nampiga mtu mwingine aliyelala chini ya gari la kijani. Nisamehe kwa hilo angalau, kama mengine yatakushinda.

Huko uendako utakuwa karibu msichana wa pekee. Watakuwekea benchi, watakaa watazame. Uongo wangu haukuanza mbele ya jaji, ulianza kwenye benchi lile, kwa kucheka tu. Siku moja na wewe utakuwa chini ya gari, umeme umeshuka, umekwisha kusema "leo", na watu wanasubiri. Toka uwaambie hapana. Watacheka, bila shaka. Lakini kicheko huwa kinaisha, watu wanakwenda kula.

Basi, baada ya ile karamu sikuweza tena. Nilimwona anakupigia makofi. Jumatano wiki hii nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua muda mrefu, majani mazuri na mabaya akiyatupa pamoja. Kisha akasema, "Wakati yote ile nilikuwa nakupikia chakula ya kumupelekea." Hakulia. Aliponyanyuka akaongeza, "Mutoto asiisikie kwa bantu. Umwandikie na mukono yako."

Alhamisi, walipomaliza swala ya alasiri, nilitoka karakanani na gari, nikasimama dukani kwa Sefu. Alikuwa anapima chumvi. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa kuwa sikustahili kiti alichonisogezea. Nilimwambia yote: umeme, tundu, kiraka, lami, nyundo, matope, jaji. Alimaliza kufunga ile chumvi. Akaifunga vizuri kabisa.

"Mizigo haikuwa mingi?" akauliza.

"Haikuwa mingi. Ilikuwa kama siku zote."

"Sema tena."

"Haikuwa mingi, Sefu."

"Hakuna muntu alikuwa wa kuzidi?"

"Hakuna."

Akamwita Mama Zena kutoka ndani. "Useme mbele yake," akaniambia. Nikasema upya, tangu mwanzo. Mama Zena alinisikiliza akiwa ameshika nguzo ya mlango. Nilipofika kwenye matope alifunga macho. Nilipomaliza akasema, "Ulisukuma mukokoteni yangu. Nilikuombea kwa Mungu siku ile, weye na mutoto yako." Akaingia ndani.

Sefu akarudisha mizani mahali pake. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Mwishowe akasema, "Niko na karatasi kwa nyumba, imeandikwa minye nilimuua muntu. Batoto yangu bameisoma. Utaenda kwa jaji, baandike ingine."

"Jumatatu nitakwenda," nikasema.

"Nipe ufunguo."

Sikuelewa. Akanyoosha kidole kwenye kamioneti yangu nje, akanyoosha na mkono. Nikampa. Akatoka na kandambili zake, akapanda, akafunga mlango. Alikaa pale na mikono juu ya usukani. Akawasha. Ikazimika. Akawasha tena, gia ikalia vibaya, ikazimika. Mtaa wote ulikuwa umesimama sasa, wanawake na ndoo zao, watu wa duka la simu. Mara ya tatu ikaondoka, kwa kurukaruka, ikashika katikati ya barabara. Alikwenda polepole sana mpaka mwisho wa mtaa, akapotea kwenye kona ya kanisa. Nilisikia tu mngurumo, naye alikuwa amekawia, nikaanza kuogopa. Kisha akatokea upande wa pili, ameshusha kioo, kiwiko nje, uso umelowa wote. Wanawake wakapiga vigelegele. Hawakujua wanashangilia nini.

Aliegesha pale pale alipoikuta. Akashuka, akanirudishia ufunguo bila kunigusa mkono.

"Usirudi hapa mpaka nikuite," akasema.

Hajaniita. Huenda asiniite kamwe, na mimi sina la kumdai. Watu watakuambia kuungama kunaleta amani. Mimi sijaiona. Nimekiona tu kiwiko cha Sefu nje ya kioo, nikahesabu miaka ambayo kingekuwa pale.

Jumatatu nitakwenda kwa jaji. Sijui watanifanya nini. Huenda waseme ni mambo ya zamani, huenda wakanipeleka Buluo nami nikapelekewe chakula. Lolote litakalosikika Lubumbashi, usikatishe masomo, na usije kunitetea kwa mtu. Mtaani watasema mabaya juu yangu, na mengi yatakuwa kweli. Kama utaona haya kuitwa binti yangu, sitakulaumu. Kama hutaki kuniandikia, mwandikie mama yako, nitamsikiliza akisoma kama atanisomea. Na ukipata likizo, kabla ya kuja kwetu, pitia kwa Baba Sefu umsalimie. Kwa ajili yako wewe mwenyewe, si kwa kuniombea. Alikuwa rafiki yako hata wakati sikustahili awe jirani yangu.

Bahasha hii nitaiweka chini kabisa ya begi lako, chini ya vitabu, ili uifungue ukifika.

Nakusikia uani sasa, unacheka na mama yako juu ya kitu fulani, na yeye anajilazimisha kucheka. Kalamu naiweka chini. Ningekuwa mwanaume kamili ningetoka nikakupa barua hii mkononi, nikasimama mbele yako ukisoma. Sitaweza. Nitatoka nikae nawe kwenye mkeka, ule chakula cha mwisho karibu nami, uniite papa kwa sauti hiyo yako ya jioni hii, wakati bado hujajua. Najua ni wizi. Nimeiba kwako kitu kimoja zaidi, na ni cha mwisho.

Papa yako,
Anselme